Zulia Lililosimama Kona

Kwa miaka kadhaa chumba changu cha Garissa kilikuwa na wakazi wawili, mimi na zulia.

Zulia nililinunua sokoni kwa bei ambayo hata leo naisifu. Lilikuwa limevuka mpaka huko Mandera, likashuka kwetu kwa lori pamoja na sukari na chupa za chai, na muuzaji aliponitajia bei nililipa upesi kabla hajapata akili. Ni zulia pana, zito, jekundu la kuiva, lenye maua ya dhahabu kwenye pindo. Nililileta nyumbani kwa mkokoteni wa punda, nikalisimamisha kona likiwa bado ndani ya plastiki yake, likanipita kimo. Mimi nikaendelea kukaa chini kwenye saruji.

Lilikuwa la nyumba. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila kitu wakati ule. Chini ya kitanda kulikuwa na feni mpya ndani ya katoni, nayo ya nyumba, na mimi adhuhuri nikilowesha leso kwa maji na kujifunika nayo ili nipate usingizi. Kulikuwa na mapazia, vikombe vya udongo vilivyofungwa kwa magazeti, na taa ya kuning'inia ambayo sikuwa nimeiona ikiwaka. Chai nilikunywa ya rangi, kwenye kikombe cha plastiki kilichopoteza mkono. Nilijisikia mtu wa maana sana. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nimepangwa shule ya huku kutoka upande wa Mwingi, na niliamini kwamba watu wengi duniani ni maskini kwa sababu tu hawawezi kungoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mwingi, kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja nilichonunua mwaka wa pili wa kazi. Nyumba ya mawe. Nilikuwa nikipanda basi alfajiri ya Jumamosi, nakagua ujenzi, nagombana na fundi kuhusu simiti, kisha narudi Garissa jioni ile ile. Mama yangu alikuwa akiishi mbali kidogo na barabara, mwendo wa pikipiki, na nauli ya pikipiki ilikuwa juu. Kwa hiyo mara nyingi nilifika Mwingi na kuondoka bila kumwona. Naliandika hili haraka ili nisije nikalifuta.

Katika ploti ya vyumba vya kupanga niliyokaa Garissa, mlango uliopakana na wangu ulikuwa wa mama mmoja Msomali aliyeuza maziwa ya ngamia. Tulikuwa karibu rika moja. Nilimwita abaay, yaani dada, naye aliniita maalimu, na akifurahi sana aliniita walaal, yaani ndugu. Maziwa yalimfikia kila asubuhi kutoka Bura, juu ya gari la abiria, yakiwa kwenye mitungi ya manjano iliyofungwa kwa kamba. Siku akiuza vizuri alinunua nyama. Si nyama ya kwake na watoto wake, nyama ya ploti nzima. Sahani ilipita mlango hadi mlango, na kwangu ilifika pia, ikiwa na wali na ndizi mbivu pembeni kama ilivyo desturi yao.

Nilikula ile nyama huku nikimlaumu. Kweli kabisa. Nilikaa kwenye saruji yangu, mafuta yakinitiririka vidoleni, nikijiambia kwamba mwanamke huyu hajui kuna kesho. Halafu niliosha sahani, niliosha vizuri, ikang'aa, nikairudisha tupu.

Kitu kilichonitoa jasho zaidi ni mchango. Wenyewe huuita qaaraan. Mtu akipatwa na jambo, haji kuomba. Wengine ndio wanaomsikia, na mmoja anaanza kuzunguka na kitambaa, mlango hadi mlango, duka hadi duka, na kila mtu anatia alichonacho. Hakuna kuandika nani katoa nini, hakuna kuuliza mbona hakujiwekea. Jirani yangu alikuwa mzungukaji hodari. Mume wa mwanamke mmoja wa ploti ya nyuma, mtu wa mkokoteni wa maji, alipolazwa hospitali, abaay alifika kwangu na kitambaa chake, akasimama mlangoni bila kusema mengi. Nilimwambia mshahara haujaingia. Ilikuwa kweli mara ya kwanza. Mara zilizofuata haikuwa kweli, lakini nilishaona kwamba jibu hilo halina maswali. Mshahara wangu ulichelewa miaka yote niliyokaa pale.

Sasa nimlete mama.

Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, pole pole, kwa miaka kadhaa. Hospitali ya nyumbani walituambia wazi kwamba ni upasuaji mdogo, anaingia asubuhi na kutoka siku hiyo hiyo. Ni pesa tu. Nilimweleza mama mpango wangu kwa ustadi wa darasani: paa kwanza, kwa sababu mvua ikinyeshea kuta zilizo wazi tutapoteza kila kitu. Paa likishafunikwa, tunakwenda kwa macho. Mama alikubali. Yeye alikubali kila nilichosema tangu nilipopata digrii. Paa likafunikwa. Lakini nyumba yenye paa isiyo na madirisha inakaribisha wezi, basi yakafuata madirisha. Baada ya madirisha likaja dari. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa nzuri. Sikumdanganya hata siku moja. Nilimpangia tu foleni, na yeye nikamweka nyuma ya mbao.

Kisha mtu akamwambia kwamba aliniona kiwanjani Jumamosi na jioni nikapanda basi. Mama hakunipigia simu kulalamika. Alifunga nguo zake, akaomba lifti ya pikipiki hadi barabarani, akapanda basi la Garissa. Abiria mwenzake aliyekaa naye, mama mmoja wa hapa hapa, alimshika mkono kutoka stendi hadi kwenye lango la ploti yetu. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi kwenye kigoda cha jirani, ana kikombe cha chai ya maziwa mkononi.

"Uliona ni mbali kuja kwangu," akasema kwa Kikamba, bila hasira, "basi nimekuja kwako."

Nilimwingiza chumbani. Nje kulikuwa na jua kali na ndani kulikuwa na giza, na yeye alisimama akipapasa hewa, uso ukielekea kona. Akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hamjambo," akasema. Akangoja. Akarudia kwa sauti ya juu kidogo. Kisha akanigeukia. "Mgeni wako mbona hajibu?"

Alikuwa akilisalimia zulia.

Nilicheka. Ningependa kusema nililia, lakini nilicheka, cheko lile la mtu aliyeshikwa. Nikamwambia hakuna mtu, mama, ni mzigo tu. Jirani yangu alikuwa mlangoni ameshika mfuko wa nguo wa mama. Yeye hakucheka. Aliangalia zulia, akaangalia macho ya mama, akauweka mfuko chini na kwenda zake.

Mama alikaa. Mimi nikiwa shuleni yeye alikaa uani na abaay, na sijui walizungumza lugha gani. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, na cha abaay kilikuwa cha kwake mwenyewe. Lakini nikirudi niliwakuta wakicheka. Abaay alikuwa akimkatia kucha, akimtengea maziwa asubuhi kabla ya kuyapeleka sokoni, akimshika kiwiko kumpeleka bafuni, na kumwita hooyo, yaani mama. Mama alimwaga chai nje ya kikombe. Siku moja alishika jiko la makaa akidhani ni kigoda, akaungua kiganja. Nilimpaka dawa ya meno kwenye malengelenge na kumwambia, nakumbuka maneno yenyewe, "Vumilia mama, dari limebaki kidogo tu."

Abaay alisikia. Kuta za ploti zile ni za mabati.

Haikupita muda, nikarudi alasiri moja nikakuta viatu vimejaa mlangoni pangu. Ndani wanawake walikuwa wameketi kwenye saruji, wamebanana, migongo mingine imeegemea zulia ndani ya plastiki yake. Mama alikuwa katikati. Mbele yake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilikitambua.

Niliwatambua na wao. Muuza sambusa wa kona. Mke wa mwenye ploti. Mke wa yule mtu wa mkokoteni wa maji, ambaye mume wake alipolazwa mimi mshahara wangu haukuwa umeingia. Karibu wote walikuwa watu niliowahi kuwapa jibu lile.

"Maalimu, karibu nyumbani kwako," abaay akasema. "Kaa chini. Hii ni ya macho ya hooyo. Daktari iko kliniki hapo karibu na hosbitali, shemeji yangu alifanywa hapo, sasa anaona fizuri, mashallah. Tumeuliza, imetosha jicho moja. Ya bili Allah atafungua. Kesho asubuhi tunabeleka yeye."

Mkoba wangu ulikuwa begani. Ndani ya mkoba kulikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na pesa za macho yote mawili na nauli ya kwenda na kurudi. Ningeweza kusema. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja niseme lolote. Na nisije nikajipamba hapa: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa aibu. Aibu ilikuja baadaye na haijaondoka. Kitu cha kwanza kilikuwa hesabu. Niliwaza kwamba basi mbao za dari zinaweza kununuliwa mwezi huu huu.

Nikasema, "Asanteni sana. Mungu awabariki."

Mama ndiye aliyeharibu. Mama alikuwa na kiburi chake, na nadhani alihisi jinsi ninavyoonekana mbele ya wale wanawake, mtu wa kuchangiwa. Akakohoa. Akakusanya Kiswahili chake chote.

"Nyinyi msione mtoto yangu hana kitu," akasema. "Mtoto yangu anajenga. Nyumba kubwa, ya mawe, pale Mwingi, barabara inapita mlangoni. Vyumba vingi. Mimi siioni lakini nimeishika na mkono."

Nilitaka saruji ifunguke. Nilimwangalia abaay nikingoja achukue kitambaa chake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa matusi, na yangekuwa nafuu.

Akacheka kidogo, kwa upole. "Hooyo, tunajua. Nani hajui? Zulia tunaiona kila siku. Bazia alinunua kwa binamu yangu. Nyumba, mashallah. Lakini besa yake imelala kwa simiti, utatoa aje?"

"Ata mimi," akaongeza yule mke wa mtu wa mkokoteni, na alikuwa akinitazama mimi, akinifariji mimi. "Mbuzi yangu iko Bura kwa kaka. Mume yangu akiwa mgonjwa, mbuzi ilikuwa mbali. Watu wakanisaidia. Kila mtu mali yake iko mbali, maalimu. Usione haya."

Ndipo nilipoelewa walivyokuwa wakiniona miaka yote ile. Hawakunidhania fukara, na wala hawakuniona bahili. Mtu kwao anaweza kuwa na mifugo ya kujaza bonde na leo asiwe na hela ya dawa, kwa sababu mali iko malishoni na ugonjwa uko hapa. Waliichukulia nyumba yangu kuwa ngamia wangu. Chai ya rangi, saruji, sahani zilizorudi tupu, mshahara uliochelewa, yote wameyapa maelezo ya heshima ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyastahili. Mbuzi wa yule mama walikuwa mbali kweli. Mali yangu mimi ilikuwa begani.

Walipoondoka, kabla ya magharibi, nilimfuata abaay uani. Alikuwa akifukiza mitungi yake ili maziwa yasichache upesi, ametia kijinga cha mti ndani ya mtungi wa kibuyu na moshi unapanda taratibu. Nilichuchumaa karibu naye.

"Abaay," nikasema, "pesa ninazo."

"Najua. Kwa simiti."

"Hapana. Hapa. Kwa simu."

Aligeuza mtungi upande wa pili. "Ya kutosha?"

"Ya kutosha."

Hakuniangalia. Moshi ulimwingia machoni akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea kutikisa kijinga ndani ya mtungi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia nitawarudishia wote, kesho asubuhi, mlango hadi mlango.

"Qaaraan hairudi," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Usiambie wale wengine. Wamefurahi. Usiharibu."

Nimetukanwa maishani na watu wanaojua kutukana. Hakuna aliyeniumiza hivyo. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu, na alitaka wenzake wabaki na mwalimu yule waliyemtengeneza wao. Toka siku ile hakuniita walaal tena hadi ulipopita muda mrefu. Aliniita maalimu, kwa adabu zote, na sahani ziliendelea kuja.

Mama akapasuliwa jicho la kulia. La kushoto nililipia mimi baadaye, na sitaki sifa kwa hilo. Siku ya upasuaji niliomba ruhusa shuleni, nikampeleka. Siku iliyofuata, ya kufunguliwa bandeji, nilisema nina mtihani wa kusimamia. Mtihani ulikuwepo. Lakini mwalimu mwenzangu angenishikia kama ningemwomba. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa kwenye benchi la kliniki kando ya jirani yangu tukingoja jicho alilolilipia yeye. Basi abaay akaenda na mama peke yao, akaacha maziwa kwa binti yake, na mtu wa kwanza ambaye mama alimwona vizuri baada ya miaka yote ile alikuwa muuza maziwa ya ngamia.

Nilirudi mchana nikakuta viatu tena mlangoni. Safari hii walikuwa wakicheka, sauti zinasikika hadi langoni. Nikaingia. Kona ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa sakafuni, jekundu lote, maua yote, limejaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, na plastiki yake imekunjwa vizuri kando ya kitanda. Mama alikuwa ameikata kwa kisu. Pindo lilikuwa limezoea kujikunja, kila likinyooshwa linarudi, kwa hiyo walikuwa wamelikalia. Katikati kulikuwa na birika la chai ya maziwa na vikombe vyangu vya udongo, vile vya magazeti.

"Kumbe ni zulia!" mama akasema aliponisikia. "Na mimi kila asubuhi nalisalimia!" Wakaangua kicheko tena.

Nikatazama vikombe. Naona aibu kusema hili kuliko yote niliyosema. Mama yangu anaona, na mimi nilitazama kama kuna kikombe kinakaribia kumwagika juu ya zulia.

"Hebu njoo," mama akasema. "Simama pale mlangoni, kwenye mwanga, nikuone."

Nikasimama. Jicho lake lilikuwa jekundu bado na linatoa machozi, lakini lilikuwa jeusi katikati, safi, na lilinishika. Alianzia kichwani, kwenye nywele nilizoacha kupaka rangi ili kuokoa pesa. Akashuka kwenye paji la uso, kwenye mashavu, shingoni. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni mwake, kisha kikapungua, kisha kikaisha. Abaay akainamia kikombe chake.

"Mwanangu," mama akasema, kwa Kikamba, ili wasisikie. "Umezeeka lini?"

Nikamwambia ni jua la Garissa.

Akatikisa kichwa, akiendelea kunitazama, akimtafuta usoni mwangu yule aliyemwona mara ya mwisho. "Nami nilikuwa wapi?" akauliza.

Nilijua alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa pikipiki kutoka barabarani, akingoja paa.